Mwanafunzi wa Pili

Siku kitabu kilipoingia nyumbani, walikuwapo watu wanne. Alikuwapo bibi, mwenye nyumba, ameketi kitandani pake karibu na dirisha. Alikuwapo mjomba, mwana wa bibi, fundi saa, ambaye siku hiyo hakupata kazi. Alikuwapo mke wa mjomba, akichambua mchele. Na alikuwapo mjukuu, msichana wa mwaka wa kwanza katika chuo cha udaktari, aliyelelewa na bibi tangu mama yake alipofariki, na ambaye nyumba nzima ilimwita Daktari kabla hajajua hata kufunga bendeji.

"Hicho kitabu au tofali?" mjomba aliuliza.

"Ni mwili wa mtu, mjomba. Wote umo humu."

"Basi mshushe polepole, usije ukamvunja."

Mjukuu alikuwa amekichagua kati ya vitatu kwa muuza vitabu vikuukuu. Cha kwanza kilijaa picha za rangi za maiti waliopasuliwa, kila kitu kikionekana kwa pamoja kama nyama buchani, usijue mshipa unaanzia wapi. Cha pili kilikuwa chembamba, cha kukariri leo na kusahau mtihani ukiisha. Cha tatu kilikuwa cha zamani, chenye michoro ya mkono: kila kiungo kimechorwa peke yake, na mstari mwembamba umekiunganisha na jina lake. Wenzake waliomtangulia chuoni walikuwa wamemwonya: usinunue kitabu kizuri, nunua utakachokisoma. Akanunua cha tatu. Jambo moja tu lilimshangaza. Kilikuwa na uvuguvugu, kama kiti alichoinuka mtu sasa hivi. Akadhani ni jua.

Mifupa haishiki kichwani kwa kutazamwa tu, sharti iguswe. Bibi akajitolea.

"Njoo usome kwangu, mwanangu. Nimekonda, hakuna nyama ya kukuzuia. Ila utaje kwa maneno ninayoyaelewa. Mwili huu ni wangu, si wa walimu wako."

Basi kila jioni mjukuu alifungua kitabu, akagusa na kutaja. Kisigino. Kifundo. Muundi. Pia ya goti. Bibi alicheka kwa kutekenywa, akamwambia kwamba hata marehemu babu yake hakuwahi kumpapasa goti kwa adabu namna ile.

Miguu yake ilipoanza kupoa, mjomba alisema ni uzee. Daktari wa zahanati alisema vivyo hivyo. Mjukuu akahamia mikononi: kiganja, kiwiko, bega. Mikono nayo ikapoa, ikalala juu ya shuka kama vitu vya mtu mwingine, na bibi akawa analishwa kwa kijiko.

Jioni moja, vidole vya mjukuu vikiwa juu ya bega, bibi alimkatiza.

"Nani huyo anakufuatisha?"

"Kunifuatisha vipi, bibi?"

"Ukitaja, mtu anarudia. Nilidhani masikio yangu. Taja tena."

"Mtulinga," mjukuu alinong'ona, akigusa mfupa utokao begani kwenda shingoni.

Chumbani ikaingia harufu aliyoijua, harufu ya dawa ya kuhifadhia maiti, nzito kuliko alivyowahi kuinusa chuoni, ingawa alikuwa ameoga na kubadili nguo, na kutoka nyuma ya kabati, mahali ambapo hata paka asingeweza kupenya, ikaja sauti kavu, ya taratibu, sauti ya mtoto anayejifunza kusoma na anayeogopa kukosea mbele ya mwalimu wake, ikasema: "Mtulinga."

Kesho yake mjomba alileta mganga. Hakukifungua kitabu, alikigusa jalada tu, akaondoa mkono.

"Huyu ni jini," alisema kwa sauti ya chini. "Hana mwili, na anautamani. Nyumba usiyoijua milango yake huingii. Binti anamwonyesha milango."

"Nikikichoma?" mjukuu aliuliza.

"Utachoma karatasi. Hayumo humo tena, yumo katika mkono wako. Utakayemgusa, atajifunza kwake, mpaka amalize mwili mmoja, ndipo atauacha mkono wako."

"Amebakiza nini?"

"Kifua."

Mjukuu alikifunika kitabu. "Basi naacha chuo. Sitagusa mgonjwa maisha yangu yote."

Bibi alikuwa akisikia. Mjomba na mkewe walipotoka kumsindikiza mganga, alisema, "Niwekee mkono kifuani, mwanangu. Nasikia baridi."

Mjukuu aliuweka, midomo ameifumba.

"Hapo pana nini?"

"Usiniulize, bibi."

"Mama yako alikufa kwa kukosa mtu wa kumtibu. Mkono huu sikuulea ukae bure."

"Bibi, nakuomba. Nyamaza."

"Kitajwe na mwenyewe, basi." Akavuta pumzi. "Moyo."

Safari hii jibu halikutoka nyuma ya kabati. Lilitoka katika kinywa cha bibi mwenyewe, kwa sauti yake bibi, ila taratibu zaidi, herufi kwa herufi, na chini ya kiganja cha mjukuu kile kilichokuwa kikigonga kikagonga, kikasita, kisha hakikugonga tena.

Mjomba aliporudi alimkuta mama yake amesimama dirishani, mashavu yana rangi, anaomba chai. Mkewe alidondosha kanga ya begani, akakimbilia jikoni akicheka na kulia. Mjukuu alishika kifundo cha mkono mmoja, akasubiri. Akashika shingo. Akaweka sikio kifuani, akasikiliza kwa muda mrefu. Aliyesimama pale hakumzuia. Alikuwa ameinua mkono mwingine kwenye mwanga, akitazama vidole vyake kimoja kimoja, midomo ikicheza.

"Daktari!" mjomba alisema. "Mama kapona, wewe unalia nini?"

"Mjomba," alisema, "bibi amefariki."