Jeneza Lisilo na Matanga

Chelo ilipotea Ijumaa, siku moja kabla ya kuchezwa, na aliyegundua ni Mutinda, mlinzi wa ukumbi wa kanisa pale Mashimoni. Saa moja asubuhi alifungua kufuli kama kawaida, akaingia na ufagio wake, akakuta kasha limeachwa wazi sakafuni, upinde wa kuchezea umo ndani, na chelo yenyewe haipo. Alipiga nduru hadi muuza mandazi ng'ambo ya pili akaacha mafuta yaungue.

Koplo Nasipwondi alifika kabla ya saa mbili akiwa bado hajanywa chai, na Nasipwondi asipokunywa chai ni heri umpishe njia.

"Hiyo chelo ni kitu gani?" aliuliza.

"Ni kama fidla, afande, lakini kubwa. Unaicheza umekaa, umeibana na magoti." Aliyejibu ni Audrey Awiti, msichana wa miaka ishirini na mbili, macho mekundu kwa kulia. "Ni ya kuazima. Kesho okestra yetu inacheza mjini konseto, muziki mrefu wa sehemu kadhaa nimeandika mimi, chelo ndiyo inaongoza. Bila chelo hakuna konseto. Na wenyewe wakisikia imeibwa, hawatatuazima hata filimbi tena. Okestra imekwisha."

Koplo akamgeukia mlinzi. "Mutinda, kufuli halijavunjwa. Ufunguo uko wapi?"

"Ni huu mmoja, afande. Nililala nao shingoni."

"Basi nisaidie. Mwizi alipitia wapi?"

Mutinda aliushika ufunguo wake. Hapo hapo Billy, kijana mchezaji wa chelo, akachungulia mlangoni, akaona sare ya polisi, akataka kurudi alikotoka.

"Uliza huyo!" Mutinda alimnyooshea kidole. "Jana alitoka hapa akisema afadhali hiyo kitu ipotee!"

"Nilisema, sikatai," Billy alikubali. "Part ya mwisho ni ngumu, afande, vidole zimeniisha. Lakini mi sijaiguza. Tangu saa kumi usiku nimekuwa Soweto East nikipakua mikate kwa lori. Pigia bosi wangu."

Koplo alipiga. Bosi akasema Billy alikuwa machoni pake hadi saa moja, na kwamba alikuwa mvivu kama siku zote.

Nasipwondi alitoka nje kuukagua mlango. Ulifungukia nje, bawaba zake zikiwa upande wa uchochoroni, na kila skrubu ilikuwa na mikwaruzo mipya. Mwizi hakuwa na haja ya ufunguo. Alifungua bawaba, akauvuta mlango upande huo, kisha akarudisha kila kitu mahali pake. Mutinda alishusha pumzi ndefu. Koplo hakumtazama. Alikuwa akishangaa jinsi mifereji ya vichwa vya skrubu ilivyosimama wima yote, hakuna hata mmoja uliolala upande. Mwizi gani mwenye haraka anahangaika na jambo kama hilo?

Alirudi ndani, akainama kukitazama kiti kifupi cha mchezaji wa chelo. Skrubu zake nazo zilikuwa wima.

"Nani alitengeneza kiti hiki?"

"Ndugu yangu Osewe. Hata huo mlango ni yeye." Audrey alikigusa kiti. "Mafuriko yalimchukua mwaka juzi, yeye na mama. Mama alipatikana. Yeye hakuonekana. Desemba nyanya akasema tusingoje tena. Tukaenda nyumbani tukazika yago, lile tunda refu, mahali pa mwili, kama ilivyo desturi yetu. Sehemu ya pili ya konseto ni ya mama. Ya mwisho ni ya kumlilia Osewe. Juzi niliweka vipande vya zote mbili kwa status ya simu, nikaeleza ni za nani, watu wakasambaza."

Koplo alikunja uso, akavuka uchochoro hadi kwenye kioski cha maji. Trizah, muuza maji, alikuwa akijaza mitungi.

"Trizah, kitu kikubwa namna hii hakiwezi kupita hapa bila wewe kukiona. Alfajiri kulipita nini?"

"Hakuna, afande. Watu wa mitungi tu. Na jeneza jeupe."

"Jeneza?"

"Lilitoka hapo nyuma ya kanisa kwa mkokoteni. Msukumaji ni mmoja, amevaa maski. Tukampisha, wanaume wakavua kofia. Mkokoteni imeandikwa Satellite."

"Nani amefiwa?"

Trizah alihesabu majirani kwa vidole. Mashimoni mtu hafi kimyakimya. Kunapigwa hema, kunakesha muziki, karai la mchango linapita kila mlango.

"Hii wiki hakuna matanga, afande," alisema polepole.

Saa sita mchana Koplo alikuwa Kawangware na Audrey na Billy, kando ya barabara ya kwenda Riruta Satellite, mbele ya karakana ya majeneza. Alipita akiinamia bawaba za jeneza moja baada ya jingine. Skrubu zote zilikuwa wima. Alitamani angalau angekuwa amemwandaa yule msichana. Ndani kabisa, fundi mmoja alikuwa akipiga randa, amewapa mgongo.

"Fungua hilo jeneza jeupe," Koplo aliamuru.

Randa ilinyamaza. Fundi hakugeuka.

"Lifungue, Osewe."

Audrey alipiga hatua mbele. Billy akanong'ona, "Si huyu alizikwa?"

Fundi aligeuka, akainua kifuniko. Chelo ilikuwa imelazwa juu ya satini, nyuzi zake zimelegezwa, blanketi limekunjwa chini ya shingo yake.

"Mwizi wa kuuza angebeba kasha na upinde," Koplo alisema. "Wewe ulitaka inyamaze tu."

"Nilitaka Jumamosi ipite," Osewe alijibu, macho chini. "Jumapili ningeirudisha. Wimbo wa mama uchezwe, hata mimi nikiusikia kwa simu nalia. Lakini huo wa mwisho, Audrey? Unamlilia mtu akiwa hai? Ni kuniitia kifo."

"Miaka miwili!" Audrey alimrukia, akampiga ngumi za kifua. "Nimezunguka mochari zote! Kwa nini?"

"Mkono wa mama ulinitoka. Nilikuwa nimemshika, maji yakavuta, nikamwachilia. Ningekuangalia na uso gani?"

Ngumi za Audrey zilisimama.

"Hukumwachilia. Trizah alikuwa juu ya paa, aliona kila kitu. Mama ndiye alikutoa vidole, kimoja kimoja, ndio ushike ukuta. Ungekuja matangani ungeambiwa."

Osewe aliketi kwenye maranda akalia kwa sauti kubwa. Koplo alijikohoza.

"Audrey, huu bado ni wizi," alisema. "Nimpeleke kituoni?"

"Hapana. Aibebe mwenyewe hadi Mashimoni. Bila jeneza, bila maski. Watu wamwone."

Jioni Osewe aliingia uchochoroni ameikumbatia chelo, uso wazi. Trizah alimwona, akauachilia mpira wa maji ukamwagika ovyo, akaita jina lake kwa mayowe hadi milango yote ikafunguka.

Billy alimsogelea Audrey. "Na part ya mwisho?"

"Haitachezwa. Tutaishia kwa mama."

"Lakini hiyo ndiyo kali kuliko zote! Watu watasema haijaisha."

"Waseme," Audrey alijibu, akaipokea chelo kutoka mikononi mwa ndugu yake, akaanza kukaza nyuzi.