Kingo za Kitabu cha Klaudia

Stendi ya Bukoba ilijaa siku hiyo hadi kuku walikosa pa kupita, lakini kwenye ofisi ya vifurushi watu wote walimtazama dada mmoja tu. Gauni lake la kitenge cha kijani lilimkaa kama lilishonwa akiwa ndani yake, na bado alikuwa amepiga magoti kwenye tope, anamulika boksi kwa tochi ya simu.

"Kona imebonyea," akasema, sauti ya mfiwa kabisa.

"Dada, boksi hubonyea," karani akajibu. "Limetoka Dar, halikutoka jikoni."

"Kona ya kitabu ikibonyea, laki mbili zimekwenda!"

Kusikia laki mbili, watu wakasogea. Dada akachana boksi, akafungua karatasi, kikatoka kitabu ndani ya plastiki nyororo. Jalada la ngozi nyeusi, na juu yake joka la dhahabu lenye macho mekundu. Mama mmoja aliyekuja kuchukua mbegu za kahawa akafanya ishara ya msalaba na kusahau mbegu.

Kijana mmoja hakuogopa. Alikuwa amekuja kuchukua marobota ya karatasi, shati limepigwa pasi vizuri, vidole vina wino.

"Utepe wa mgongoni umeshonwa kwa mkono," akasema. "Uzi wa hariri. Hii si kazi ya mashine."

Dada akainua macho. Kwa miaka mitano watu walikuwa wakiona bei ya vitabu vyake. Huyu ameona uzi.

"Wewe nani?"

"Mwijage wa Kaagya. Nina kiwanda kidogo cha uchapaji hapa mjini. Na wewe?"

"Klaudia. Napima damu kwenye zahanati, Muleba."

"Basi wiki ijayo naumwa," akasema Mwijage.

Na kweli akaumwa. Akaenda Muleba Jumanne na Ijumaa, akatobolewa kidole mara mbili, akakutwa mzima mara mbili. Baada ya hapo wakaona simu ni nafuu kwa vidole.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula ndizi na maharage."

"Nyama je?"

"Nyama iko kabatini, imevaa plastiki."

Maana hivyo vitabu ndivyo vilivyokula nyama ya Klaudia. Ni visa vya mazimwi na binti mfalme, vitatu kwa jumla, toleo la kifahari kutoka Ulaya lenye sahihi ya mtunzi na namba. Cha kwanza alikinunua elfu tisini pamoja na usafiri. Cha pili kikafika laki nne. Hicho cha tatu, milioni moja na laki moja, na alikikusanyia miezi kumi na minne. Wanachapa vichache, walanguzi wanavinunua kabla wino haujakauka, kisha wanawauzia wapenzi kama Klaudia kwa bei ya kukomoa. Tena hakisomwi. Ukikifungua mgongo unalegea, na bei inashuka.

"Milioni moja na laki!" Mwijage akasema siku alipoambiwa. "Hiyo ni ndama jike wa kisasa. Tukioana, haya mambo tutayakata."

"Utayakata wewe?"

"Mimi ndiye mwenye mashine ya kukatia."

Alikuwa anatania. Lakini kuna utani mtu hucheka kwenye simu, halafu simu ikikatika anabaki akiuwaza.

Hata hivyo Klaudia alimpenda, na dalili ni hii: alimpa kitabu akanyooshe kona. Alikifunga kwa kanga mbili, akamkabidhi kama anayemkabidhi mtoto kwa mkunga.

Mwijage alinyoosha ile kona kwa mvuke na uzito, siku tatu, hata mwenyewe asingejua pa kuitafuta. Alipokitoa kwenye plastiki ili akague, ndipo akaona aibu. Kingo za kurasa zilikuwa zimechanikachanika, huku ndefu, huku fupi, hakuna ukurasa uliolingana na mwenzake. Milioni moja na laki, na hawakumkatia hata kingo! Akawaonea hasira hao wachapaji wa Ulaya. Akakiweka kwenye mashine, akakaza, akashusha kisu mara tatu. Kikatoka kimenyooka kama sabuni.

Akavaa shati jeupe, akaenda Muleba mwenyewe.

Klaudia alifungua kanga. Akapitisha kidole kwenye kingo.

"Zile kingo ziko wapi?"

"Nimezisawazisha, mama. Walikudanganya."

"Zilichanwa makusudi! Ndizo zilizokuwa fahari yake!" Machozi yakamtoka. "Ulisema utayakata, na umekata. Ungeniambia tu hunitaki na vitabu vyangu."

"Klaudia, waitu, nisikilize—"

"Toka."

Mwijage akapiga simu mara kumi na tisa. Ya ishirini akakuta namba yake imezuiwa. Mwijage akajisemea kwamba mwanamke anayependa karatasi kuliko mtu si wa kuoa, akajisemea hivyo kila asubuhi kwa wiki tatu, na kila asubuhi hakuamini.

Wiki ya nne Klaudia alisafiri hadi Bukoba kumrudishia Mwijage kitenge alichowahi kumpa zawadi. Angeweza kumtumia mtu, lakini baadhi ya hasira hutaka kupelekwa na mwenyewe. Alijipaka mafuta, akasuka upya, akavaa viatu vya kisigino. Kwa kurudisha kitenge tu.

Akakuta mlangoni pa kiwanda katibu wa parokia, mzee Gozbert, anafoka na daftari la ubatizo mkononi.

"Mwijage! Hizi kingo ni za nini? Zimetafunwa na panya? Padre atafungua kitabu hiki mbele ya watu?"

"Nisamehe, mzee. Kijana wangu alisahau kukikata."

"Kitabu kisichokatwa kingo ni matusi! Mwaka jana ulinitengenezea vizuri. Umepatwa na nini?"

"Siku hizi naogopa kukata, mzee," akasema Mwijage bila kujua nani yuko nyuma yake. "Nilikata cha mtu ninayempenda, nikidhani namsitiri."

Klaudia akasimama pale na kitenge chake. Mzee Gozbert akawatazama wote wawili, akaliacha daftari, akajiondokea taratibu.

"Kweli hukujua?" akauliza Klaudia.

"Hapa kwetu kitabu kikitoka vile tunarudishiwa na kutukanwa. Umesikia."

"Nilidhani umenikomoa."

"Nikukomoe kwa kazi ya mikono yangu? Ningekichoma tu."

Klaudia akacheka bila kutaka. "Hakina bei tena, unajua? Aliyetaka kukinunua Dar amesema hata laki hatoi."

"Nitakulipa."

"Usinilipe. Nimekisoma. Chote, nikila ndizi, hata mchuzi umedondokea ukurasa wa arobaini." Akavuta pumzi. "Miaka mitano nanunua, Mwijage, hicho ndicho cha kwanza kusoma. Ni kitamu, shetani wewe."

"Na kitenge?"

"Nilikuja kuuliza kama kinatosha gauni la kupokea wageni."

Jumamosi ya mwezi uliofuata wazee wa Kaagya walifika Kishanda kwa kina Klaudia kuposa. Wakakaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, wakaketi. Baba mtu akamkazia macho kijana.

"Unafanya kazi gani?"

"Nakata karatasi, waitu," akajibu kwa adabu ya Kihaya.

Huko jikoni sahani ikaanguka na mtu akacheka hadi akakohoa. Baba hakugeuka.

"Unakata vizuri? Wateja hawalalamiki?"

"Amelalamika mmoja tu."

"Na huyo ulimfanyaje?"

Mwijage akainamisha kichwa.

"Ndiye niliyemfuata hapa, waitu."