Oswald na Dagaa wa Bibi Concilie

Kule Katonga, kando ya Ziwa Tanganyika, wiki ya mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, kwa kuwa taa zao hazivuti samaki. Ndipo timu yao hucheza mechi, kwa sababu wachezaji wamelala vya kutosha.

Jumamosi moja, miaka ile wakimbizi walipomiminika kutoka Burundi, Happiness wa darasa la tano alimpelekea mjomba wake Oswald maji uwanjani. Mteuzi wa klabu moja ya Tabora, inayolipa mshahara, alikuja kuchukua mchezaji mmoja. Oswald alikuwa mshambuliaji hodari kuliko wote.

Mpira ulipoanza, Happiness alishangaa. Oswald alisimama peke yake mbele ya goli, akipunga mikono. Kipa Audace alimwona, akapiga mpira upande mwingine. Na wengine hivyo hivyo.

"Shikamoo, Mwalimu," Happiness alimwambia kocha Eliakimu. "Mbona wanamnyima mjomba pasi?"

"Marahaba. Kamuulize alichofanya asubuhi ufukweni."

Wakati wa mapumziko alimfuata. "Mjomba, asubuhi ulifanya nini?"

"We mdadisi, nani kakutuma?" Oswald alicheka. "Nilikuwa napiga danadana, nikakanyaga dagaa wa Bibi Concilie alioanika. Akanifokea. Nikamwambia mkimbizi hana ufukwe hapa."

"Audace alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Si naye alikimbia vita Burundi?"

Oswald akaacha kucheka. Alivua viatu, akamwendea Bibi Concilie katikati ya watazamaji, akachuchumaa.

"Shikamoo, Bibi. Nimekukosea. Naomba unisamehe."

"Marahaba. Dagaa nitawaosha, nitawaanika tena. Lakini neno lile limewauma na wenzako. Waambie na wao."

Aliwaambia. Audace akampa mkono. "Haya. Ila usipofunga, kesho unaanika dagaa wewe!"

Wote wakacheka. Kipindi cha pili pasi zilimfikia Oswald, naye akafunga goli la ushindi. Hata hivyo, mteuzi alimchukua Audace.

"Mwalimu, mjomba kafunga! Mbona kaachwa?"

"Mteuzi alipita sokoni kabla ya mechi, akauliza habari za kila mmoja, akasikia na ya ufukweni," alisema Mwalimu Eliakimu. "Mchezaji hutazamwa hata akiwa nje ya uwanja, mjukuu wangu. Ukiwadharau watu asubuhi, usitegemee jioni wakupe mpira. Mjomba wako amekosa Tabora, lakini wenzake amewapata tena. Akiishi nao kwa heshima, mteuzi mwingine atasikia habari nyingine."