Ufa Chini ya Karatasi

Kila akitoka shule, Pilika alibadilisha sare, akala chakula chake harakaharaka, kisha akavuka ua kwenda kwenye karakana ya shangazi yake. Alikuwa binti wa miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu hakuweza kutulia mahali pamoja hata akiwa na homa.

Karakanani kulikuwa na mashine ya kukatia mabamba ambayo shangazi aliiunda mwenyewe kwa mbao nene, reli za droo na mota alizotoa kwenye mashine kuukuu za kutolea nakala. Kompyuta iliiongoza, na kisu chake kidogo kilizunguka kwa kasi kikikata plastiki au alumini kwa kufuata mchoro. Mashine hiyo iliguna na kulalamika kutwa nzima, basi wakaiita Bi Kizee.

Siku hiyo walikuwa na kazi ya zahanati. Walitakiwa kutengeneza kifuniko cha plastiki angavu, pamoja na fremu ya alumini, kwa ajili ya kisanduku cha kuwatunzia watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Bi Kizee alikwisha kukata kifuniko na sasa alikuwa anahangaika na fremu. Yalibaki matundu manne ya skrubu, na hayo hutobolewa kwa keekee ya mkono, ambayo ncha yake ya kutobolea, yaani biti, hubadilishwa.

"Toboa wewe," shangazi alisema bila kuondoa macho kwenye mashine. "Biti ya plastiki ni ipi?"

"Ile butu, shangazi."

"Kwa nini butu?"

"Kali inaing'ata plastiki, inapasuka."

"Haya. Weka ubao chini, na usikimbie."

Mtu wa nje angecheka, maana nani huacha kifaa kikali akachukua butu? Lakini shangazi aliyapunguza makali ya biti hiyo kwa makusudi, ili ikwangue plastiki polepole. Pilika alitoboa tundu la kwanza, akatoboa la pili. Kazi ilikwenda kwa mwendo wa kinyonga, na uwanjani wenzake walikuwa wanamngoja wapange timu. Akatazama mlango, akamtazama shangazi aliyempa mgongo, akabadilisha biti. Tundu la tatu likatoka mara moja. Kwenye la nne akasikia mlio mdogo, tik.

Bamba jipya la plastiki huja limebandikwa karatasi pande zote mbili ili lisikwaruzike. Pilika aliibandua pembeni kidogo akachungulia. Ufa mwembamba kama unywele ulitoka kwenye tundu kuelekea ukingoni. Akairudisha karatasi, akaipapasa kwa kidole gumba mpaka ikalala vizuri. Ufa haukuonekana tena.

"Tayari, shangazi."

"Mara hii? Mpira utakutoa roho wewe."

Kabla hajatoka, muuguzi wa zahanati aliingia huku anajifuta jasho.

"Fundi, nimeona nije mwenyewe," alisema. "Asubuhi amezaliwa mtoto wa kilo moja na nusu, na kisanduku pekee kizima tulicho nacho tayari kina mtoto mwingine."

"Fremu inamalizika sasa hivi. Kifuniko hiki hapa. Nikubandulie karatasi ukione?"

"Acha, kisije kikakwaruzika njiani. Nakuamini."

"Mimi mwenyewe namwamini huyu," shangazi alisema, akimwonyesha Pilika kwa kidevu.

Pilika alitamani ardhi ipasuke. Alijua skrubu zikikazwa ufa utatembea, na chini ya kifuniko atakuwa amelala mtoto asiyeweza hata kugeuka. Muuguzi alikwisha kukitia kifuniko kwapani.

"Usikichukue," Pilika alisema. "Kina ufa. Nilitumia biti kali, halafu nikaufunika."

Shangazi aliibandua karatasi, akakiinua kifuniko kwenye mwanga wa dirisha. Hakugomba, na Pilika aliona afadhali angegombezwa.

"Ulipotumia biti kali uliharibu plastiki," shangazi alisema taratibu. "Hiyo tunayo nyingine. Ulipoufunika ufa ndipo ulipoanza kumharibia mtu. Kosa likionekana, linarekebishwa. Hili angelirekebisha nani, na wakati gani?"

Pilika aliukodolea macho ule ufa. Machozi yalimlengalenga.

"Futa uso, tufanye kazi. Bi Kizee hasimamishwi katikati ya alumini, kwa hiyo tutakata kwa mkono."

Pilika alikandamiza rula ya chuma juu ya bamba jingine, shangazi akapitisha kisu juu ya mstari uleule mara kumi na zaidi, kisha wakalivunja kwenye ukingo wa meza. Wakalainisha kingo kwa tupa na msasa. Muuguzi aliketi kwenye stuli akiwangoja. Kelele za mpira zilisikika kutoka uwanjani, lakini Pilika hakuinua kichwa.

Mwishowe shangazi akamkabidhi keekee.

"Mimi tena?"

"Nani mwingine anajua ufa unavyolia?"

Alitoboa matundu manne kwa biti butu, polepole. Alipomaliza, aliibandua karatasi yote bila kuambiwa, akamshikia muuguzi kifuniko dirishani. Muuguzi alikikagua tundu kwa tundu.

"Fremu ikitoka tufuatane zahanati," alimwambia. "Skrubu ufunge wewe. Nataka afunge mtu ambaye akiona ufa atasema."

Pilika alimtazama shangazi yake. Shangazi akamchagulia bisibisi.