Chachu Chini ya Meno ya Mzee Kataliko

Sogeeni, majirani, na mwenye mkwe nyumbani amwite naye asikie.

Jumapili moja hapa Kisangani nyumba ya mzee Kataliko ilikuwa imetulia. Misa imekwisha, mkewe Kasoki amevua viatu, na Lydie, mke wa mtoto wao Elisée, ameandaa lituma, ndizi za kuchemsha zilizopondwa, na samaki. Lydie kwao ni Yanonge, mtoni. Wakwe zake ni wafanyabiashara waliotoka Butembo. Mzee hakuipenda ndoa hiyo, ingawa lituma aliila bila kusita.

Siku hiyo alitia tonge kinywani, akalitema.

"Inaniunguza! Muke ya Elisée iko ananikulisha sumu!"

"Papa, miye mwenyewe nilionja," Lydie alisema.

Sumu si neno la mchezo. Kuna watu, mtu akikonda, hawaulizi anaumwa nini, huuliza alikula kwa nani. Na mzee alikuwa amekonda kweli. Kinywa chake kilikuwa kikiwaka kwa miezi. Alipewa dawa ya kusukutua, akapata nafuu, kisha moto ukarudi. Akajipigia hesabu zake: dawa inaponya, sahani ya Lydie inarudisha ugonjwa. Elisée, ambaye baba akikohoa yeye hukimbilia maji, akainamisha kichwa. Ikaamuliwa Lydie arudishwe kwao kwa boti ya Jumatano, na mtoto wake mchanga abaki.

Kasoki hakuwa akimpenda sana mkamwanawe, tusidanganyane. Ila alikuwa na ugonjwa wake: jambo asilolielewa humwasha mpaka alikune. Nyumba nzima ilikula chungu kimoja. Sumu gani inachagua mdomo? Na kwa nini iondoke, halafu irudi?

Jumatano asubuhi, Lydie akifunga mizigo huku analia, Kasoki alimfuata mzee chumbani, ameshika simu yenye tochi.

"Papa Elisée, fungua kinywa nione fasi iliungua."

"Hapana."

"Basi hakuna sumu."

Hapo lazima niwaambie jambo. Mzee alivaa meno ya bandia ya juu, na tangu ayavae hakuna aliyemwona kibogoyo, hata mkewe. Alilala nayo, aliamka nayo, hata dawa aliisukutua yakiwa mdomoni. Sasa aligeukia ukuta, akayatoa kwa hasira.

Kasoki akamulika. Ulimi haukuwa na kidonda, wala koo. Kaakaa ndilo lilikuwa jekundu kama nyama mbichi, na wekundu huo ulikuwa na mpaka, sawasawa na umbo la bamba la yale meno. Akaligeuza bamba. Upande unaogusa kaakaa ulikuwa na utando unaoteleza. Akaukwangua kwa ukucha, ukatoka mweupe kama maziwa yaliyoganda.

"Sumu ya namna gani inachora mupaka?" aliuliza, na hakungoja jibu. Alimvuta mzee, mdomo umefunikwa kitambaa, hadi kwa Madina, daktari wa meno.

Madina alikwangua ule utando, akauweka chini ya darubini. Kasoki akaomba kuchungulia. Aliona vitu kama mayai madogo, vingine vimechipua vitoto ubavuni.

"Ni levure, mama. Chachu. Ndugu ya ile ya mikate, lakini hii iko na tabia mbaya."

"Na sababu gani dawa haiitoe?"

"Sababu inashika. Mate iko na protini, inapakaa ku plastiki. Chachu nayo iko na kama vidole ku ngozi yake, inakamata ile protini. Ikishashika, inazaana, inajifunika na utando. Dawa inapita juu, donc chini inabaki nzima."

Kasoki akacheka kwa mshangao. "Sawa mbegu ya kishona-nguo inanasa ku kikwembe ya kujifunga, ukitoka shamba!"

"Ndiyo. Alors, papa, kila jioni unatoa meno, unasugua pande zote mbili. Leo yanabaki hapa, nisafishe na nilainishe mikwaruzo. Kuja kesho."

Lakini boti ilikuwa inaondoka mchana ule ule.

"Nitamutuma Elisée amwambie Lydie," mzee alisema nyuma ya kitambaa.

"Elisée hakusema neno ya sumu. Ni weye," Kasoki alimjibu.

Bandarini walimkuta Lydie ameshaketi botini. Ukingoni mtoto alikuwa akilia mikononi mwa Elisée. Wateja wa mzee walikuwepo, wapagazi walikuwepo. Mzee akakiondoa kitambaa.

"Lydie, mwanangu. Uchafu ilikuwa ku kinywa yangu. Hukuniwekea kitu."

Maneno yalitoka na pumzi kwa kukosa meno, na mpagazi mmoja akacheka. Mzee akayarudia kwa sauti kubwa zaidi, machozi yanamtoka.

Lydie alinyoosha mikono kutoka botini. "Nimesikia, papa. Lakini leo ninaenda kwa mama yangu. Munipe mutoto."

Elisée akampa mtoto, na boti ikaondoka. Lydie alirudi baada ya Pasaka, Elisée alipomfuata mwenyewe na kuomba msamaha mbele ya wakwe zake wa Yanonge. Na tangu arudi hakuingia tena jikoni kwa mzee; alipika kwake, na aliyetaka lituma yake alibisha hodi.

FUNZO

Usimtaje mtu kwa sumu kabla hujafungua kinywa chako mwenyewe. Kinachokaa mwilini, kiwe meno au kingine, kivuliwe, kisuguliwe, kwa maana chachu hushikilia pale pasipoguswa, na dawa pekee haiing'oi. Wenye meno ya bandia, msione haya: kibogoyo si kosa. Mficha maradhi kilio humfichua, na safari hii kilio kilikuwa cha mtoto aliyekaribia kuondolewa kwenye ziwa la mama yake.