Nuhu Alichukua Vitoto

Mambo ya mapenzi katika mji huu wa Tulsa, Marekani, hakuna anayeyajua kunishinda. Nikimtazama tu mtu anavyonunua mkate, najua kama ana njaa au ana lake jambo. Ila waume zangu wote wawili waliondoka mchana kweupe, mimi nimekaa kibarazani nawapungia mkono, nikidhani wanakwenda kununua maziwa.

Basi tuyaache yangu, tumtazame Kezia Strand. Jumamosi moja soko la wakulima lilifurika watu, mbwa na vigari vya watoto, naye yuko nyuma ya meza ya mikate ya Bi Verlene, sketi yake ya jinzi inafagia lami, msuko mmoja umemfika kiunoni. Chini ya sketi, raba nyekundu kama pilipili. Alizinunua kwa mshahara wake wa kwanza, na kila akizitazama alijisikia mkosaji mwenye furaha.

Akaja kijana mrefu, shati la kazi la buluu, vumbi la dari limemganda sikioni. Jina lake Dario Maddox, fundi wa viyoyozi.

"Dada, mkate huu una nini ndani?"

"Unga."

"Na ule?"

"Unga vilevile."

"Nikija kesho je?"

"Kesho Jumapili. Utakuta meza tupu na njiwa."

Bi Verlene alipaliwa na kahawa yake. Dario akanunua yote miwili, na Jumamosi iliyofuata akarudi, na nyingine tena, mpaka mikate kwake ikawa migumu ya kujengea ukuta. Hatimaye akapewa namba ya simu.

"Malkia wa mikate, umekula?"

"Nimekula. Wewe bwana kiyoyozi, leo hujaanguka darini?"

"Darini sijaanguka. Nimeanguka sokoni, na hakuna aliyeniokota."

"Pole. Jikung'ute, uinuke."

Kezia akikata simu alicheka peke yake huku mikono imejaa unga. Lakini kulikuwa na kitu alichokificha. Dario alipomuuliza alisoma shule gani, alitaja jina aliloliona ubavuni mwa basi la manjano la wanafunzi. Akageuza maneno upesi: "Na wewe ulimaliza?"

"Mimi? Nilimaliza zamani! Tena hesabu nilikuwa wa kwanza darasani."

Ukweli ni kwamba Kezia hakuwahi kukaa darasani hata asubuhi moja. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto kumi na mmoja, na shule yao ilikuwa meza ya chakula, kwenye shamba nyuma ya vilima vya jimbo la Missouri. Mama mwalimu, baba mwalimu mkuu, na mkaguzi ni Mungu peke yake, maana gari la serikali likionekana barabarani watoto wote waliingia chini ya ngazi, kimya kama mayai. Zaburi alizijua kuliko mchungaji. Hesabu ziliendelea kwa wavulana. Wasichana waliishia pale kikombe cha kupimia unga kinapoishia. Alipofika miaka kumi alikuwa na mtoto kiunoni, na si wake. Kumi na minne, mama akiwa amejifungua au anajiandaa, Kezia ndiye aliyewafundisha wadogo zake watano.

Alipoondoka, miaka ishirini na miwili, hakuwa na cheti cha kitu chochote. Baba yake alisimama mlangoni akasema, "Utarudi, tena utarudi umeinama." Sasa alikuwa akijisomea mtihani wa sekondari wa watu wazima, apate kuingia uuguzi. Akifaulu, mlango unafunguka. Akishindwa, uliobaki ni ule wa baba, nao mfupi, lazima uiname.

Jumapili moja Dario akampeleka makumbusho. Mifupa ya dinosaria ilijaza ukumbi, kichwa kinagusa taa. Kezia alishika kifua kwa kustaajabu.

"Ndiyo maana Nuhu alichukua vitoto," akasema. "Wakubwa wasingeenea safinani."

Dario akacheka mpaka akashika ukuta. "Vitoto! We mwanamke utaniua! Na nani aliwabembeleza?"

Watu wakageuka. Kezia akasoma kibao chini ya mifupa, miaka mamilioni kwa mamilioni, akamtazama yule anayecheka, uso ukamwiva.

"Nina unga unaumuka," akasema, akaondoka zake.

Simu hakupokea. Jumamosi Dario alifika sokoni, akahudumiwa kama mgeni.

"Mkate gani, bwana?"

"Kezia, nimekosa nini?"

"Wa ngano au wa shayiri?"

Bi Verlene akamvuta shati hadi nyuma ya gari. "Wewe kijana una kichwa au chungu? Umemcheka mtoto wa watu kwa kitu alichofundishwa na mama yake mzazi!"

"Si alikuwa anatania?"

"Anatania nini! Kwao hilo ni somo. Shule hajaiona hata dirisha."

Dario alibaki mdomo wazi, nyuki akauzunguka. Mchana huohuo akapiga simu, na safari hii ikapokelewa.

"Kezia, nilidhani ni mzaha."

"Haukuwa mzaha. Lilikuwa somo la sayansi. Nililifundisha mwenyewe, Dario. Wadogo zangu watano, na picha nikawachorea. Kicheko chako kitapita. Hilo ndilo linaloniuma."

"Sikujua, mpenzi."

"Nilikudanganya kuhusu shule. Sasa unajua."

Dario akakohoa. "Na kwenu, mtu akimtaka binti, anamwendea nani?"

"Baba. Kwanza baba, halafu baba, kisha baba tena. Binti anaambiwa mwisho."

"Basi niwashe gari nimfuate?"

"Ukimfuata, usirudi kwangu. Niulize mimi."

"Nakuuliza. Kezia Strand, utaolewa nami?"

Chupuchupu simu imponyoke iangukie kwenye unga. "Alhamisi nina mtihani wa hesabu. Nikitoka, nitakujibu."

"Na ukishindwa?"

"Nani kakwambia nitashindwa?"

Alhamisi asubuhi akafika chuoni kwa gauni la manjano la magotini, alilolishona mwenyewe, na zile raba. Msuko ameukata hadi mabegani. Akasukuma mlango wa chumba cha mtihani bila kuinama.

Mbele yake, Dario. Shati jeupe, tai, nywele zimechanwa na maji. Aliruka kitini kama aliyekalia mwiba.

"Dario! Unafanya nini hapa?"

"Mimi? Kazi! Kiyoyozi chao kimekufa."

Chumba kilikuwa baridi kama jokofu la bucha.

"Vifaa viko wapi?"

"Garini."

"Na tai?"

"Wateja wa siku hizi, mpenzi, wanataka heshima."

Msimamizi, mama mnene mwenye miwani ya mnyororo, akainua kichwa. "Bwana Maddox, keti. Tena leo kaa mbali na dirisha. Mara ya mwisho ulitazama ndege mpaka muda ukaisha."

Kiyoyozi juu ya mlango kikaendelea kupuliza, kizima cha afya. Kezia akavuta kiti cha jirani, akakaa, akakunja gauni lake taratibu.

"Wa kwanza darasani?" akauliza.

Dario akatazama kompyuta ya mtihani mbele yake, masikio yamemwiva.

"Wa kwanza kutoka."