Mshumaa wa Mchana

Kwa wauza kuku, katikati ya soko la Bunia, watu walisimama kumshangaa msichana mmoja wa blauzi ya libaya ya kijani na kitenge kilichomkaa sawasawa. Alikuwa akiokota manyoya chini bila aibu yoyote.

"Dada, unaacha kuku, unabeba manyoya?" aliuliza kijana wa shati jeupe lililonyooshwa vizuri, jogoo kwapani.

"Ya jogoo yako njo mazuri zaidi," alijibu Séphora Vahwere. "Unipe mbili tatu."

"Na weye unipe namba yako?"

"Anza na manyoya."

Floribert, muuza vipuri vya pikipiki, alitoa manyoya, akapata namba, na tangu jioni ile simu ya Séphora haikupoa.

"Bébé, uliniwaza leo?"

"Nilikuwa ku kazi, Flori. Nilikuwaza wakati wa kula tu."

"Hata wakati wa kula inatosha!"

Kazi yenyewe alimweleza mara moja tu: anasaidia watoto wenye shida ya kusema. Floribert hakuuliza zaidi. Siku hiyo alikuwa bize kumtazama midomo.

Mama yake Floribert, Pétronille, hakuwa na subira ya kungoja kuletewa mkwe. Alipita mwenyewe kituoni alikofanya kazi Séphora, akachungulia dirishani. Mshumaa unawaka mchana kweupe! Kioo, manyoya ya kuku mezani, na Séphora anampaka mtoto kitu mdomoni. Alikwenda moja kwa moja kanisani kuwaambia wamama wenzake kwamba msichana yule ni mchawi.

Jioni Floribert alipiga simu. "Manyoya nilikupa, unafanyia nini?"

"Kazi."

"Mama anasema weye uko mulozi."

"Na weye unasema nini?"

Floribert alikwepa swali. Hilo lilimuuma Séphora kuliko neno lenyewe.

"Chérie, uache kwanza mishumaa, mama atulie."

"Kazi yangu sitaificha juu ya mutu, hata juu yako, mupenzi. Mulango iko wazi. Uje uone, na mama umulete."

Alikata simu, akalia sana. Kesho yake alinawa uso akarudi kwa Ornella.

Ornella, yule mtoto aliyepakwa mdomo, alikuwa na miaka mitano. Baba yake alichimba dhahabu Mongbwalu, na kila alipopiga simu, mtoto alimwita "Haha." Séphora alimpaka karanga ya kusaga midomoni ili azoee kuibana, akamwonyesha kwenye kioo, kisha akaweka unyoya mbele yake ausukume kwa pumzi ya kusema "pa". Unyoya haukutikisika. Séphora hakukata tamaa. Alijua ipo siku.

Asubuhi moja mlango ulifunguka. Alikuwa Floribert, shati limekunjamana, na nyuma yake Mama Pétronille amekumbatia mkoba.

"Karibu, Mama," alisema Séphora. "Unishikie mushumaa hii."

Mama alisita, kisha akaushika ukiwaka mbele ya mdomo wa mtoto.

"Ornella, funga midomo. Angalia mu kioo. Haya!"

"Ha."

"Tena, mama yangu," Séphora alimbembeleza mtoto.

Mtoto alibana midomo yake yenye karanga, mashavu yakajaa. "Pa!"

Mwali ukalala, ukazimika. Pétronille alihisi pumzi ile kwenye vidole vyake.

Séphora alipiga simu Mongbwalu haraka, akamwekea mtoto sikioni. "Papa," alisema Ornella. "Papa!" Upande wa pili kelele za machimbo zilisikika, kisha sauti ya mwanamume mzima akilia.

Pétronille aliketi kwenye kiti kidogo cha watoto. "Mutoto yangu, nilikusema mubaya mbele ya kanisa. Mbele ya kanisa ileile nitasema nilikosa."

"Nisamehe, chérie," alisema Floribert. "Ningekuuliza."

"Ungekuja."

"Njo nimekuja. Na sitoki tena."

Séphora alitaka kununa kidogo zaidi, lakini kicheko kilimponyoka.

Hazikupita siku nyingi, Floribert na mama yake wakafika kwao Séphora kuposa. Baba yake aliuliza wamemfuata binti yupi.

"Ile anafundisha watoto kusema," alijibu Floribert kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Séphora alisimama wima mbele ya ukoo wote. Mama Pétronille akamsogelea na jogoo mwekundu mikononi.

"Nyama ni ya baba yako," alimnong'oneza. "Manyoya, upeleke ku kazi."